Jino limenyamaza lakini ufizi umetoa kipele: lingojee mnada wa korosho?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, tunalima korosho huku Tandahimba. Gego langu la chini kushoto lilitoboka zamani. Mwezi wa nane liliniuma wiki mbili, usiku silali. Duka la dawa walinipa amoksilini na diklofenaki. Jirani akachovya pamba kwenye mafuta ya ganda la korosho akanibandika. Ufizi uliungua, lakini jino likanyamaza. Sasa haliumi kabisa, ila ubavuni mwa ufizi kuna kipele kinachopasuka, kinatoa maji ya chumvichumvi, kinafunga, kinarudi. Kituo cha afya tabibu wa meno aliniambia ama ling'olewe, ama niende mjini likatibiwe mzizi. Mume wangu anasema kwa kuwa haliumi tusubiri malipo ya mnada. Dada yangu ananitisha kuwa kung'oa jino kunaharibu macho. Nina presha, natumia amlodipini. Nifanyeje? Na mwanangu wa miaka saba ana doa jeusi kwenye gego la nyuma, ila hilo si litaanguka tu?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na shemeji, maana hoja yake ndiyo iliyobeba mengine yote. Anasema haliumi, basi lisubiri. Lingekuwa jeraha la jembe mguuni, ningemuunga mkono. Kwa jino mambo ni kinyume. Jino lako halijapona. Limekufa, na hicho kipele ndiyo taarifa ya msiba.

Wewe ni mtu wa korosho, nikueleze kwa korosho. Jino nalo lina ganda na kiini. Ganda la nje ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, hata mfupa haulifikii, na halina hisia. Ndiyo maana tundu dogo haliumi na watu hulipuuza miaka. Chini ya ganda kuna tabaka la manjano lenye vijinjia vyembamba maelfu kwa maelfu vinavyoelekea ndani. Tundu likifika hapo, maji ya baridi na chai ya sukari vinaanza kuchoma. Katikati kabisa kuna chumba, na ndani ya chumba kuna kiini: nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Huku kwetu watu husema jino limeliwa na mdudu. Mdudu hayupo. Wapo bakteria wanaokula sukari tunayokula sisi, wakishashiba wanatoa asidi, na hiyo asidi ndiyo inayochimba.

Mwezi wa nane walifika kwenye kiini. Ukijikwaa kidole, kidole huvimba kwa sababu ngozi inanyumbuka. Kiini cha jino kimezungukwa na kuta ngumu. Kikitaka kuvimba hakina pa kwenda, kinajikaba chenyewe. Ukilala, damu inafika kichwani kwa wingi zaidi, mbano unaongezeka, jino linapiga kama ngoma ya jando. Baada ya siku kadhaa damu inashindwa kuingia, kiini kinaoza, na mshipa wa fahamu unakufa nacho. Maumivu yanakatika, wakati mwingine kwa usiku mmoja, na mtu anabaki kumshukuru jirani na mafuta yake.

Bakteria hawakufa. Sasa wamejaa kwenye mizizi, wanavuja kupitia ncha zake na kuingia kwenye mfupa wa taya. Mwili unapigana nao, mfupa wa eneo hilo unayeyuka kidogokidogo, usaha unajikusanya, kisha unatafuta njia nyepesi ya kutokea. Kwako umetokea ubavuni mwa ufizi. Maji ya chumvichumvi unayoyaonja ni usaha. Kwa kuwa una mlango wa kutokea, haubani kitu, na kwa kuwa haubani huumwi. Ndiyo siri yote ya ule ukimya. Siku mlango ukiziba na usaha ukazidi, utaamka na shavu limejaa.

Kuna jambo ambalo wagonjwa wangu wengi hawalijui, nami nalieleza karibu kila wiki: kipindi hiki cha ukimya ndicho kizuri kuliko vyote kwa kutibiwa. Sindano ya ganzi haishiki vizuri kwenye nyama yenye uvimbe mkali, kwa sababu asidi ya pale inaipunguza nguvu dawa. Wanaosema "daktari aling'oa nasikia kila kitu" wengi walikwenda siku ambayo jipu lilikuwa limewaka. Wewe leo ganzi itakushika vizuri. Ukingoja liwake tena, utakuwa umejichagulia siku ngumu.

Kabla sijafika kwenye kung'oa au kutibu, niseme juu ya ulivyotumia, kwa sababu kimoja kimenitisha kuliko hata jino.

Hicho ni diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Mtu wa presha hapaswi kuimeza majuma mawili bila daktari kujua. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, hupandisha presha, hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, na huweza kuumiza figo. Jino likikuuma tena, tumia parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku nzima. Na nenda kapime presha wiki hii, hata kama unajisikia mzima.

Amoksilini, ambayo ni antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, haikukudhuru, lakini haikuwa na kazi ya kufanya. Dawa ya kumeza husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa hamna damu. Bakteria wako chumbani wamefunga mlango, dawa inapita barabarani. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo ulio wazi: kwa mtu mzima mwenye kinga nzuri ya mwili, maumivu ya jino yasiyo na homa wala uvimbe unaosambaa hayahitaji antibayotiki ikiwa tiba ya jino lenyewe inapatikana. Ukimeza dozi tatu nne kwa mwaka kwa ajili ya jino moja, unawafundisha bakteria wako usugu, na siku ukipata nimonia ndiyo utailipia.

Mafuta ya ganda la korosho nayajua vizuri. Mikono ya akina mama wanaobangua imenifundisha. Yana asidi kali inayobabua ngozi, na viwandani hutumika kutengenezea rangi na vifaa vya breki za magari. Yakidondoka kwenye kiini kilicho wazi huunguza mshipa, ndiyo maana wengine huapa kuwa yanatibu. Yanaunguza pia ufizi, ulimi na shavu, na bakteria wa kwenye mizizi yanawaacha palepale. Kidonge cha aspirini kilichobandikwa kwenye ufizi hufanya madhara yaleyale. Maji ya uvuguvugu yenye kijiko kidogo cha chumvi kwenye glasi hayataponya jino, lakini yanasafisha na hayaunguzi mtu.

Sasa uamuzi wenyewe. Kwanza nimsifu tabibu wa kituo chenu: amekupa njia mbili badala ya kukimbilia koleo. Hivyo ndivyo kazi yetu inavyotakiwa, mgonjwa aelezwe machaguo yake, faida, hatari na gharama, kisha aamue mwenyewe.

Kutibu mzizi maana yake ni hii. Unachomwa ganzi. Jino linazungushiwa kipande cha mpira mwembamba ili mate yasiingie na vifaa visidondoke kooni. Daktari anafungua juu ya jino, anakitoa kiini kilichooza, kisha kwa visindano vyembamba vyenye makali anasafisha kila njia ya mzizi hadi karibu na ncha. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili lakini njia tatu, mara nyingine nne, na njia moja ikisahaulika ugonjwa unarudi. Anaosha kwa dawa ya klorini ya jamii ileile inayong'arisha nguo nyeupe, ila kwa kipimo chake. Mwisho anazijaza njia kwa gata-pecha, utomvu mkavu wa miti ya huko Malaysia ambao madaktari wa meno wameutumia tangu karne ya 19. Kazi huisha kwa ziara moja hadi tatu. Halafu inabaki sehemu ambayo wagonjwa huikimbia: gego lililotibiwa mzizi hupasuka kwa urahisi, kwa hiyo linahitaji kofia, yaani kifuniko kigumu cha kulivika jino zima, au kuzibwa kwa namna inayozikumbatia kuta zake. Fedha ikiishia kabla ya hapo, unaweza kulipoteza jino ulilolilipia tayari.

Je, lako linafaa? Siwezi kukuambia bila kuliona, ila nikuambie ninachokiangalia mimi. Naangalia kwanza kuta: kama juu ya ufizi pamebaki jino la kutosha kushika kofia, kuna matumaini, kama limebaki gome tu au ufa umeshuka hadi kwenye mzizi, nang'oa. Nalitikisa. Jino linalocheza kwa sababu ufizi na mfupa vimelikimbia, hata ukilitibu mzizi halina nguzo. Naangalia kama lina mwenzake wa juu wa kutafuna naye. Gego la mwisho kabisa, lile la utu uzima, silihangaikii sana. La kwanza nalipigania. Na namuuliza mgonjwa kama ataweza kurudi, kwa sababu kutoka Tandahimba hadi mjini kwa ile barabara wakati wa mvua si mchezo. Picha ya eksirei huamua mengi hapo. Bila picha mimi sianzi mzizi wa gego, na wewe usikubali uanziwe bila picha.

Nakwambia na hili ingawa baadhi ya wenzangu hawatalipenda: jino lililong'olewa vizuri ni bora kuliko mzizi uliotibiwa nusunusu. Kung'oa si aibu. Hasara zake zipo. Jino la nyuma litaegemea pengo, la juu litashuka kulifuata pengo, mfupa wa pale utapungua, na baadaye ukitaka kuliziba pengo kwa jino bandia utalipa tena. Lakini hizo ni hasara za miaka, na usaha ndani ya taya ni hatari ya leo.

Kwa habari ya mnada, nina ushauri utakaowatosha nyote wawili. Ukikuta jino linafaa kuokolewa na fedha haijatoka chama cha msingi, mwambie daktari aanze hatua ya kwanza tu: alifungue, aondoe uozo, asafishe njia, aweke dawa ya kalsiamu haidroksaidi na kuziba kwa muda. Mara nyingi kipele hufunga chenyewe katika wiki chache. Hapo mnaweza kungoja malipo mkiwa mmeshazima moto. Ila iwe wiki, isiwe miezi. Kizibo cha muda huvuja, na nimeshapokea watu waliofunguliwa jino msimu wa ufuta wakarudi msimu wa korosho wa mwaka uliofuata. Yale hayakuwa meno tena.

Dalili zifuatazo hazisubiri mnada, wala asubuhi: uvimbe chini ya kidevu au shingoni, hasa pande zote mbili; ulimi kuinuka; kushindwa kumeza mate au kufungua mdomo; sauti kukoroma; homa kali; kupumua kwa shida. Mwaka 1836 daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huo ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake, na chanzo chake mara nyingi ni magego ya chini kama hilo lako. Uvimbe husukuma ulimi juu na nyuma hadi njia ya hewa inaziba. Mtu hufa kwa kukosa pumzi, hata kama jino lenyewe lilikuwa halimuumi tena. Ukiona hayo, tafuta gari usiku huohuo, uende hospitali kubwa yenye chumba cha upasuaji.

Macho yaache kabisa. Mshipa wa kuonea una njia yake nyuma ya jicho, na mishipa ya meno ni matawi ya mshipa mwingine wa uso. Na jino lako ni la chini! Dada yako angalau angenitishia kwa jino la juu.

Presha ndiyo ya kuzingatia. Siku ya kwenda, meza amlodipini yako kama kawaida na ule chakula. Wengi huacha vyote wakidhani wanakwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa, wanafika presha imepaa na wanatetemeka kwa njaa. Mtaje daktari dawa zote unazotumia na upimwe presha kabla ya sindano. Ikiwa imefika 180 kwa 110, atakurudisha ikatulizwe kwanza, na usimnunie. Ikiwa chini ya hapo na imetulia, kiasi kidogo cha adrenalini kilichomo kwenye ganzi, kikichomwa polepole, hakina shida. Maumivu ya kung'olewa bila ganzi ya kutosha yangekupandishia presha zaidi. Amlodipini yenyewe kwa baadhi ya watu hukuza fizi, zikaota kati ya meno kama vinyama. Ukiliona hilo usiiache dawa kienyeji, mwambie aliyekuandikia.

Ukitoka Tandahimba unaweza kushuka Mtwara mjini, Ligula, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, au kupanda kupitia Newala na Masasi hadi hospitali ya Ndanda. Piga simu kabla ya kupanda gari, uulize kama daktari wa meno yupo siku hiyo na kama mashine ya eksirei ya meno inafanya kazi. Ukishaketi kwenye kiti, fungua macho. Vifaa vinatakiwa vitoke kwenye mfuko uliofungwa, ufunguliwe mbele yako. Sindano iwe mpya. Glavu zibadilishwe kwa ajili yako. Kuchemsha koleo kwenye sufuria hakutoshi, kwa kuwa maji yanachemka kwenye nyuzijoto 100 na kuna vijidudu vinavyovumilia hapo. Mashine ya mvuke hufika 121 au 134 kwa mgandamizo. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku saba na bado kikaambukiza, kwa hiyo koleo la jana bado ni la jana. Kuuliza "hivi vimetakaswa wapi?" si utovu wa adabu. Mtaalamu aliyesajiliwa anayejiamini atakuonyesha. Anayekung'oa sebuleni kwake, vifaa vimefungwa kwenye kitambaa, mpe salamu na uondoke.

Likiishia kung'olewa, ng'ata pamba nusu saa bila kuichungulia, usisukutue wala kutematema mate hadi kesho yake, na usitie majivu, tumbaku wala chochote kwenye shimo. Maumivu yakianza upya siku ya pili hadi ya nne, yakawa makali na harufu mbaya, damu iliyoganda imetoka na mfupa uko wazi. Rudi, kuna dawa yake.

Sasa mtoto. Umemweka mwisho, mimi ningemweka mwanzo. Mpanue mdomo penye mwanga, hesabu kuanzia jino la mbele la katikati ukielekea nyuma, na mapengo uyahesabu. Meno ya utoto ni matano tu kila upande wa kila taya, jumla 20. La sita ni la kudumu. Huota kwenye miaka sita, nyuma ya yale ya utoto, bila kung'oa jino lolote, ndiyo maana wazazi hawalioni likija na hulichukulia kuwa la kuanguka. Halianguki. Na kwa umri wako na mahali ulipoeleza, nashuku hilo lako lililokufa ni hilohilo la sita, lililoanza kwa doa kama hilo ukiwa darasa la kwanza au la pili.

Tundu dogo la mtoto wa miaka saba mara nyingi halihitaji hata mashine ya kutoboa. Uozo hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono na jino likazibwa kwa simenti inayoshikamana nalo na kutoa floraidi. Mbinu hiyo ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo na umeme, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaanza kuitangaza ulimwenguni. Tabibu wa kituo chenu huenda anaifanya, muulize kabla ya kumpandisha mtoto gari. Ikibidi mje wote wawili siku moja, yeye atangulie kwenye kiti. Akikuona wewe unachomwa ganzi kwanza, hatutampata tena.